Mume Wangu wa Pili, Mzee Stanley

Doonside, Sydney

Kwa Babu, mume wangu wa kwanza,

Shikamoo. Natumaini magoti yanakutii na kwamba bado unafungua saa za watu bila kupoteza skrubu chini ya meza. Na mke mwenzangu Bibi, hajambo? Nimesikia siku hizi anakudekeza, unapashiwa maji ya kuoga na kuitwa mezani kwa sauti ya chini. Mwambie asijisahau. Mimi niko safarini tu, sijaachika.

Huku mimi mzima. Korona imepita mtaa wetu nyumba kwa nyumba lakini kwetu haijabisha hodi. Nimechanjwa mara mbili, mkono ukaniuma siku mbili, basi. Zawadi ameniambia simu hazikufai tena, kwamba unasikia neno moja kati ya matatu na mengine mawili unayatunga mwenyewe. Ndiyo maana nimeandika barua hii. Namtumia yeye, akaichapishe pale steshenari kwa herufi kubwa, kisha akusomee barazani. Zawadi, mdogo wangu, usiruke kitu, hata pale ninapomsema Bibi.

Babu, uliniuliza Kiingereza cha huku kikoje, na kama kile ulichonifundisha wewe kimenisaidia. Nitakujibu kwa urefu, kwa sababu hicho Kiingereza nusura kinitoe kazini.

Unajua ninafanya kazi kwenye nyumba ya kutunzia wazee huku nikimalizia masomo. Zamu yangu ni ya asubuhi. Kuna mzee mmoja anaitwa Stanley, Mwingereza wa kaskazini kabisa, kwenye machimbo ya makaa ya mawe, aliyekuja Sydney kijana na kuendesha mabasi ya mji miaka thelathini. Ni mrefu, mwembamba, masikio makubwa kuliko ya kwako, na hilo unajua si jambo dogo. Mkewe Maureen alifariki miaka minne iliyopita. Mtoto wake ni mmoja tu, Linda, na anaishi Perth, upande wa pili kabisa wa nchi hii, ambako wamefunga mpaka wao na hawataki kumwona mtu wa Sydney hata kwa dawa.

Siku ya kwanza nilimsalimia kwa Kiingereza chako. Nikasimama wima, nikamwambia, "How do you do, sir? I trust you are quite well." Akasema hajasemeshwa hivyo tangu mwalimu wake mkuu alipomchapa viboko mwaka aliovunja dirisha. Halafu akaniambia "ta, love". Sikujua maana yake. Nikaenda kuuliza jikoni, nikaambiwa "ta" ni asante, na "love" ni mimi, lakini pia ni mpishi, na mleta barua, na daktari wa meno. Kila mtu ni mpenzi kwa wale watu.

Basi nikaanza kujifunza upya, Babu. Kule kwao mtu akifurahi sana anasema yeye ni "chuffed", akihuzunika ni "gutted", yaani ametolewa matumbo kama samaki. Akichoka ni "knackered", na hilo nilikatazwa kulisema mbele ya mchungaji. Wakikuuliza "all right?" hawakuulizi kitu, wanapita tu. Ukipika chakula kitamu kuliko vyote duniani wanakwambia "not bad", si kibaya, na hapo uende ukajipongeze. Neno "cheers" ni asante, ni kwaheri, ni afya yako, na ni samahani nimekukanyaga. Jioni moja nilipobadilishana zamu na mwenzangu, Mzee Stanley aliomba "tea", nikampelekea kikombe cha chai, akakitazama, akauliza viazi viko wapi. Kumbe kwao chai ni chakula cha jioni, na chai yenyewe ni "brew". Nami nikamlipiza kwa neno letu moja tu, piga. Nikamwambia sisi tunapiga simu, tunapiga pasi, tunapiga mswaki, tunapiga magoti, tunapiga soga, tunapiga chafya, tunapiga kura. Aliyaandika yote pembeni mwa gazeti lake la mafumbo, akauliza kama kuna siku Waswahili wanapumzika kupigana.

Hiyo ilikuwa kabla ya kufungiwa.

Serikali ilipotufungia tena, upande wetu huu wa magharibi tulibanwa zaidi ya wenzetu. Ilikuwa marufuku kwenda zaidi ya kilomita tano kutoka nyumbani, helikopta zikawa zinatuzungukia juu siku nzima. Mama Kevini, yule Mrundi ninayepanga kwake, alitembea na barua ya mwajiri kwenye sidiria ili apite kwenda ghalani Ingleburn anakofanya kazi. Safari zetu za soko la Cabramatta kufuata mihogo na mchicha zikafa. Tukala tambi mpaka watoto wake wakafurahi, kwa sababu wao hawakuwahi kuupenda mchicha, wanaelewa Kiswahili chote lakini wanajibu kwa Kiingereza, na kwa Kiingereza hakuna mtu anayelilia mchicha.

Kazini, wageni walizuiwa kabisa. Wazee wakawa wanakula vyumbani mwao, mmoja mmoja. Sisi tukawa tunaingia na barakoa, miwani na magauni ya plastiki, hawatuoni hata kama tunacheka. Mzee Stanley akaanza kuzima. Gazeti hakulifungua. Chakula alikigusa kwa uma na kukiacha. Linda akimpigia kwa video anasema "yes, love, fine, love", basi, halafu anageukia ukutani. Nilikuwa ninarudi nyumbani na kumwambia Mama Kevini kwamba yule babu anaondoka huku tunamwangalia.

Nawe unanijua, Babu. Sheria ya pale ni kumwita kila mzee kwa jina lake la kwanza, kavukavu, lakini mimi mdomo wangu haujawahi kukubali kumwita mtu wa miaka themanini na tisa "Stanley" kama ninamwita mbuzi. Nilikuwa ninamwita Babu tangu mwanzo. Na mtu ukishamwita Babu, mengine yanakuja yenyewe. Asubuhi moja nimeingia, nimevuta pazia, amelala uso ukutani, uji umeganda. Nikasahau niko wapi. Nikamwambia kwa Kiswahili, kwa sauti ile ninayokusemesha wewe, "Wewe mume wangu, umelala mpaka saa hizi, nani atakayenilisha?"

Akageuka. Akauliza nimesema nini. Nikamtafsiria neno kwa neno, kisha nikamweleza kwamba kwetu babu ni mume na mjukuu wa kike ni mke, toka mtoto akiwa wa kubebwa mgongoni, na kazi ya hao wawili ni kutaniana mpaka mmoja azikwe. Akaniuliza alinilipia mahari gani. Nikamwambia hajalipa hata kuku, ndiyo maana chai yake ni ya baridi. Babu, yule mzee alicheka mpaka akakohoa, akakohoa mpaka nikamshika mgongo. Halafu akaomba kijiko.

Toka siku hiyo akawa mume kwelikweli. Nikiingia ananiita "the missus", ananiambia nimechelewa, ninatembea kama basi lililopasuka tairi. Mimi namwambia masikio yake yanafaa kuanikia nguo. Ananiita "daft", mpumbavu, kwa sauti ambayo ungedhani ananipa zawadi. Alinieleza kwamba kwao mtu wasiyempenda wanamsemesha kwa adabu, na yule wanayempenda hana raha. Nikamwambia basi ninyi ni watani wetu, mlipotelea njiani tu. Akala. Akaongezeka kilo. Gazeti likafunguliwa.

Sasa, palikuja mhudumu mmoja wa kuitwa kwa siku, kuziba pengo la mwenzetu aliyekuwa karantini. Alisimama mlangoni akasikia ninamwambia mgonjwa wangu "good morning, my husband", na mgonjwa ananijibu kwa neno ambalo Zawadi siwezi kukuandikia. Simlaumu yule dada. Alifanya kama tulivyofundishwa sote, kwamba ukisikia jambo la ajabu kati ya mhudumu na mzee, usinyamaze. Akajaza fomu.

Niliitwa siku hiyohiyo. Meneja wetu, Denise, si mtu mbaya, lakini ni mtu wa karatasi, na karatasi inasema mhudumu asijifanye ndugu, mke wala mchumba wa anayemhudumia. Akaniambia nisije kazini mpaka suala langu lichunguzwe. Nikavua gauni la plastiki, nikalikunja vizuri kama litavaliwa tena.

Nilipofika nyumbani Mama Kevini ndiyo kwanza anatoka kazini, ana viatu mkononi. Nikamsimulia. Akakaa kwenye ngazi.

"Weye Tunu, uko na kichwa kweli? Unamuita muzee wa watu bwana yako, tena mbele ya mashahidi? Hapa ni Australia, dada. Hapa hata mbwa iko na privacy."

Nikamwambia kwao pia wanataniana na babu zao.

"Tunataniana, oui. Lakini babu yangu hakuwa na directrice." Ndiyo meneja, kwa Kifaransa chao.

Siku kumi na moja nilikaa nyumbani, Babu. Niliogopa, nakuambia wazi. Sisi tuliokuja kwa masomo serikali haitujui kwenye mambo ya msaada, mipaka imefungwa, na nikifukuzwa kwa kosa kama hilo hakuna nyumba ya wazee itakayonichukua tena, na kazi hii ndiyo ninayoisomea. Lakini kilichonikosesha raha zaidi ni yule mzee. Rafiki yangu mmoja wa zamu alinitumia ujumbe kwamba amerudi ukutani. Nikajiona kama nimempa mtu kitu halafu nimemnyang'anya.

Siku ya kumi na mbili nikaitwa kwenye kikao. Tulikuwa ofisini kwa Denise, madirisha wazi na baridi inaingia, kila mtu na barakoa yake. Linda alikuwa kwenye kishikwambi mezani, uso wake tu. Mzee Stanley aliletwa kwa kiti cha magurudumu, amenyolewa vibaya, shati limekosewa vifungo. Hakunitazama.

Denise akaniomba nieleze. Mimi na Mama Kevini tulikuwa tumeandaa kurasa mbili. Nikasema kwamba kwetu baba na mama ni watu wa kuogopwa, huwezi kuwatania, lakini babu ni mwenzako. Anakuita mke, unamwita mume, na kila mtu nyumbani anajua hakuna kitu pale zaidi ya mapenzi ya babu na mjukuu. Ndivyo mtoto anavyoambiwa kwamba katika wakubwa wote hawa yupo mmoja asiyepaswa kumwogopa. Babu, kwa Kiswahili hayo ni maneno mazuri. Kwa Kiingereza nilijisikia kama ninaungama polisi. Kila sentensi Denise anaandika, na kila anapoandika mimi ninazidi kupungua. Mwisho nikaacha zile kurasa. Nikasema ninaomba msamaha, halitatokea tena, kuanzia leo nitamwita Stanley. Nilipolitamka lile jina hivyohivyo tupu, mbele yake, nilitaka kulia.

Denise akamgeukia mzee, akamuuliza kwa upole kama ana la kusema kuhusu huduma ninayompa.

Akakohoa. Akasema, taratibu, kama mtu anayetoa ushahidi mahakamani, kwamba chai yangu ni maji ya kuoshea vyombo. Kwamba ninaimba nyimbo za kanisa ninapomvalisha soksi, na ninaimba vibaya, na soksi zenyewe hazifanani. Kwamba kuhusu masikio yake nimesema mambo ambayo hata jeshini hakuambiwa. Kwamba mimi ni mwanamke mbishi na mwenye kichwa kigumu kuliko wote aliokutana nao tangu amzike Maureen.

Denise aliandika yote. Alikuwa amegeuza na ukurasa. Mimi nilikuwa ninatazama sakafu, ninahesabu nauli ya kurudi kwetu.

Ndipo kwenye kishikwambi ikatoka sauti kama ya mtu anayebanwa na mlango. Linda alikuwa amejiziba mdomo kwa mikono miwili.

"Denise, weka kalamu chini," alisema. "Hivyo ndivyo alivyokuwa akimsema mama. Kila siku ya ndoa yao. Tangu mama afe hajamtukana mtu. Mimi ananijibu kwa adabu, kila simu, kwa adabu. Nilijua nimeshampoteza."

Mzee akageuza shingo kuitazama ile sura ya mwanawe, akaitazama sana, kama ndiyo kwanza anaiona.

"Na wewe," akamwambia, "nani kakukata nywele? Unafanana na brashi ya choo."

Linda alilia, Babu. Alilia na kucheka pamoja, akawa anasema asante, baba, asante, kama mtu aliyebarikiwa. Mimi barakoa ililowa mpaka ikagoma kukaa puani. Denise peke yake ndiye aliyebaki na akili, akauliza kama haya yaliyosemwa ni malalamiko au si malalamiko, kwa sababu fomu ina visanduku viwili tu.

Sitaki ufikiri waliniachia hivihivi. Nilipewa onyo la kuandikwa, kwamba desturi yoyote ya kwetu niieleze kwanza kabla ya kuitumia. Nikakubali, wana haki, yule mhudumu mgeni angejuaje. Na "my husband" imefutwa, nimwite Babu tu, ambalo nimewaeleza maana yake na wamelipenda. Lakini kwenye mpango wake wa huduma, ule wanaousoma wahudumu wote kabla ya kuingia chumbani, pale penye swali la mambo yaliyo muhimu kwake, aliulizwa yeye mwenyewe, akasema, na Denise ikabidi aandike: atukanwe kidogo kila asubuhi kabla ya chai, na aruhusiwe kujibu.

Maana yake, Babu, sasa hiyo ni kazi ya kila aliye zamu. Watu wameanza kuandaa. Mpishi alitumwa chumbani maksudi kumwambia kwamba hata samaki wana shukrani kuliko yeye. Jumatatu niliporudi, nilimkuta Denise mwenyewe ndani, kashika faili kifuani, amesimama kama anasoma somo kanisani, anamwambia mzee kwamba yeye ni mtu... mtu msumbufu kiasi. Masikio ya Denise mekundu. Mzee akamtazama, akamwambia tusi hilo ni dhaifu sana, ajaribu tena kesho.

Linda anapiga kila siku saa mbili. Hana habari nyingi, anapiga asemwe nywele. Akishasemwa anakata simu ameridhika, anaenda kazini.

Basi nisalimie nyumbani. Bibi, mke mwenzangu, mwambie utani ni utani lakini ninamkumbuka kwenye kila chakula. Mama mwambie chanjo haijanigeuza kitu, aache kuwasikiliza majirani, na yeye akachanjwe. Mjomba anayelima michungwa mwambie picha ya mtoto wake mchanga nimeiona, kichwa ni cha ukoo wetu, pole kwake. Shangazi wa kanisani mwambie ninasali, lakini kwa kompyuta, na mapadri wanakatikakatika. Na Zawadi, asante kwa kusoma mpaka hapa, mate yamekukauka, kanywe maji.

Nawe, Babu. Nimeondoka nyumbani mwaka wa tatu sasa. Watu wa huku ni wema kwangu. Wananishukuru, wananiuliza ninaendeleaje, wananiita jina langu vizuri, wananisifia kazi. Kote huko ninajibu kwa adabu. Nilipokuwa ninamsikiliza Linda analilia zile nywele zake ndipo nilipojua ni nini kinachonikereketa kifuani miaka yote hii. Kwa hiyo usinitumie baraka, wala usiniambie unajivunia mimi, hayo weka. Mkalishe Zawadi chini na kalamu, asikulainishie neno hata moja. Nitukane, Babu. Anza na miguu yangu, panda juu polepole, usiharakishe.

Mimi mkeo usiyenilipia mahari,
Tunu